Namna ya Kukokotoa Mgongano Nyumbufu, Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanafunzi kuhusu mgongano nyumbufu, yaani ule usiopoteza nishati mwendo, ni yaleyale kila muhula: kwa nini nimepata majibu mawili wakati swali linataka moja, alama ya kutoa imetoka wapi, kwa nini nishati peke yake haitoshi, na fomula ndefu iliyomo kitabuni itumike wakati gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari au wa mwaka wa kwanza wa chuo anayekutana na mada hii kwa mara ya kwanza, na pia kwa yule aliyekutana nayo zamani ikamshinda. Tutafanya mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka mstari, kisha tutaichukua njia ileile na kuitumia katika swali la kweli ambalo mwanafizikia Mwingereza James Chadwick alilikabili mwaka 1932 alipokuwa akitafuta masi ya nyutroni, chembe isiyo na chaji iliyomo katika kiini cha atomu.

Makosa mengi katika maswali haya hutokea kabla aljebra haijaanza, pale mwanafunzi anapoandika kasi ya kitu bila kuonyesha kinaelekea wapi. Ndiyo maana hatua za mwanzo zimepewa nafasi kubwa hapa kuliko hesabu yenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi, penseli na rula. Picha utakayoichora ni sehemu ya jibu, kwa hiyo usiichore pembeni kwa haraka na kuifuta.
- Kikokotoo ambacho unajua kinavyoshughulikia mabano na vipeo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tutalirudia kwenye sehemu ya matatizo.
- Uwezo wa kutatua milinganyo miwili yenye herufi mbili zisizojulikana, pamoja na kukumbuka kwamba a² − b² = (a − b)(a + b).
- Taarifa za kutosha kutoka kwenye swali. Mgongano wa vitu viwili kwenye mstari mmoja una viwango sita: masi mbili, velositi mbili za kabla na velositi mbili za baada. Ukiwa na vinne vinavyojulikana, kwa kawaida viwili vilivyobaki vinapatikana. Ukiwa na vitatu tu, rudi ukalisome swali tena, kwa maana mara nyingi neno kama “kilichotulia” limebeba kiwango cha nne, yaani velositi sifuri.

Katika mwongozo wote, m ni masi, u ni velositi kabla ya mgongano, na v ni velositi baada yake. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake, na kwenye mstari mmoja mwelekeo huo huonyeshwa kwa alama ya chanya au hasi.

Nadharia kidogo ya kuanzia

Momenta ni masi mara velositi. Jumla ya momenta ya vitu vinavyogongana haibadiliki, uwe mgongano wa aina gani, mradi hakuna kani ya nje yenye athari kubwa katika muda mfupi wa mgongano. Nishati mwendo, yaani ½mv², ina tabia nyingine: katika migongano mingi tunayoiona sehemu yake hugeuka kuwa joto, sauti na mbonyeo. Mgongano huitwa nyumbufu pale tu ambapo jumla ya nishati mwendo baada ya vitu kuachana ni ileile ya kabla ya kukutana. Mipira ya chuma kigumu huikaribia hali hiyo, na vigari vyenye sumaku zinazosukumana huikaribia zaidi. Kwa chembe ndogo kama protoni na nyutroni, migongano nyumbufu kamili hutokea kweli.

Hatua za kufuata

Mfano wetu ni huu. Kigari A chenye masi ya kg 0.30 kinakwenda kulia kwa 2.0 m/s kwenye reli isiyo na msuguano. Kigari B chenye masi ya kg 0.50 kinakuja kutoka upande wa pili, kikielekea kushoto kwa 1.0 m/s. Mgongano wao ni nyumbufu. Tafuta velositi ya kila kigari baada ya mgongano.

1. Hakikisha kwamba swali ni la mgongano nyumbufu. Tafuta maneno yanayosema hivyo waziwazi, au yanayosema kwamba nishati mwendo haikupotea. Swali likisema kwamba vitu viligandana, au kwamba risasi ilibaki ndani ya gogo, huo si mgongano nyumbufu hata kidogo, na mlinganyo wa hatua ya 5 hautatumika. Kama swali halisemi kitu, usijiamulie. Kwa kawaida swali la namna hiyo litakuwa limekupa velositi moja ya baada, nawe utatakiwa kuipata ya pili kwa momenta peke yake, halafu upime mwenyewe kama nishati mwendo imehifadhiwa.

2. Chora picha mbili, ya kabla na ya baada. Katika picha ya kabla, weka kila kigari mahali pake na mshale wa mwelekeo wake. Juu ya picha chora mshale mmoja mrefu unaoonyesha upande uliouchagua kuwa chanya. Hapa tuseme ni kulia. Katika picha ya baada, chora mishale yote miwili ikielekea upande chanya hata kama unahisi kwamba kigari kimoja kitarudi nyuma. Usijaribu kukisia. Kama kitarudi, hesabu itakuletea alama ya hasi, na ukiwa umeshaiweka hasi kwa kukisia utajikuta umeihesabu mara mbili.

3. Andika velositi zote pamoja na alama zake, kabla ya mlinganyo wowote. Kwa mfano wetu: m₁ = 0.30 kg, u₁ = +2.0 m/s, m₂ = 0.50 kg, u₂ = −1.0 m/s. Andika hata alama ya kujumlisha, ili jicho lizoee kuitafuta.

   Tahadhari ya hatua hii inastahili kusomwa polepole. Tuseme umesahau alama na kuandika u₂ = +1.0. Ukiendelea na hatua zote zinazofuata utapata v₁ = +0.75 m/s na v₂ = +1.75 m/s. Ukikagua momenta, utaona 1.1 kabla na 1.1 baada. Ukikagua nishati mwendo, utaona jouli 0.85 kabla na jouli 0.85 baada. Kila kitu kimekubaliana, na jibu bado si sahihi, kwa sababu umejibu swali la kigari kinachomfukuza mwenzake badala ya vigari viwili vinavyokuja uso kwa uso. Nishati mwendo ina kipeo cha pili, kwa hiyo haioni alama. Na ukaguzi wa momenta unatumia namba ileile uliyoikosea. Hakuna ukaguzi wa hesabu utakaolinasa kosa hili. Linaloweza kulinasa ni kulinganisha orodha yako ya velositi na mishale ya picha, mmoja baada ya mwingine, kabla hujaendelea.

4. Andika mlinganyo wa momenta. Umbo lake ni m₁u₁ + m₂u₂ = m₁v₁ + m₂v₂. Weka namba pamoja na mabano:

   (0.30)(+2.0) + (0.50)(−1.0) = 0.30v₁ + 0.50v₂

   0.10 = 0.30v₁ + 0.50v₂

   Alama za kujumlisha zilizomo katika umbo la mlinganyo huu hazibadiliki kamwe. Baadhi ya wanafunzi huzigeuza kuwa za kutoa kwa kuwa vitu “vinapingana”, halafu huweka tena hasi ndani ya mabano. Upinzani wa mwelekeo umeshabebwa na alama ya velositi, na hauhitaji kubebwa mara ya pili.

5. Andika mlinganyo wa kukaribiana na kuachana. Una herufi mbili zisizojulikana, hivyo mlinganyo mmoja hautoshi, uwe wa momenta au wa nishati. Wengi hapa huandika mlinganyo wa nishati mwendo wenye vipeo vya pili, na kujitafutia kazi ndefu. Ipo njia fupi. Ukiupanga mlinganyo wa momenta utapata

   m₁(u₁ − v₁) = m₂(v₂ − u₂),

   na ule wa nishati, baada ya kufuta nusu, utakuwa

   m₁(u₁² − v₁²) = m₂(v₂² − u₂²).

   Ugawe wa pili kwa wa kwanza. Masi zinafutika, tofauti za vipeo zinavunjika, na kinachobaki ni u₁ + v₁ = v₂ + u₂, ambacho hupangwa hivi:

   v₂ − v₁ = u₁ − u₂

   Maana yake ni kwamba vitu huachana kwa kasi ileile viliyokuwa vikikaribiana nayo. Kwa mfano wetu, u₁ − u₂ = 2.0 − (−1.0) = 3.0, kwa hiyo v₂ − v₁ = 3.0. Angalia mpangilio wa herufi: upande mmoja ya pili imetangulia, upande mwingine ya kwanza imetangulia. Anayeandika v₁ − v₂ = u₁ − u₂ atapata jibu la vigari vilivyopitana bila kugusana.

6. Tatua. Kutoka hatua ya 5, v₂ = v₁ + 3.0. Iingize katika hatua ya 4:

   0.10 = 0.30v₁ + 0.50(v₁ + 3.0)

   0.10 = 0.80v₁ + 1.50

   v₁ = −1.40 ÷ 0.80 = −1.75 m/s

   v₂ = −1.75 + 3.0 = +1.25 m/s

7. Lisome jibu kwa maneno. Kigari A kimerudi kushoto kwa 1.75 m/s, na kigari B kimegeuzwa na sasa kinakwenda kulia kwa 1.25 m/s. Andika sentensi hiyo kwenye karatasi ya majibu. Swali likitaka kasi, toa 1.75 m/s bila alama. Likitaka velositi, toa namba pamoja na mwelekeo. Alama za mtihani hupotea hapa bila sababu.

8. Hakiki. Momenta ya baada ni (0.30)(−1.75) + (0.50)(1.25) = −0.525 + 0.625 = 0.10, sawa na ya kabla. Nishati mwendo ya kabla ni 0.60 + 0.25 = jouli 0.85, ya baada ni 0.459 + 0.391 = jouli 0.85. Mwisho, angalia mpangilio: kigari kilichokuwa kushoto hakiwezi kumaliza kikiwa na velositi kubwa kuliko kilichokuwa kulia, maana kingekuwa kimempenya mwenzake. Kwa upande chanya wa kulia, v₂ lazima izidi v₁.

Njia ya mkato ya kuthibitisha jibu

Mwaka 1669 yalichapishwa majibu ya mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens kuhusu sheria za mgongano, baada ya Royal Society ya London, yaani jumuiya ya wanasayansi, kuwaomba yeye, John Wallis na Christopher Wren waliandikie jambo hilo. Hoja ya Huygens ilitumia mtu aliye ndani ya mashua inayokwenda na mwingine aliyesimama ufukoni: wote wawili wanautazama mgongano mmoja, kila mmoja anaona velositi zake, na sheria ni zilezile kwa wote. Ukichagua mashua inayokwenda kwa velositi ya kitovu cha masi, mgongano huonekana rahisi kuliko unavyoweza kuwa, kwani kila kitu hurudi kilikotoka kwa kasi ileile kiliyojia nayo.

Kwa hesabu, velositi hiyo ni jumla ya momenta kugawa kwa jumla ya masi. Katika mfano wetu V = 0.10 ÷ 0.80 = 0.125 m/s. Kisha, kwa kila kitu, v = 2V − u. Kigari A: 0.25 − 2.0 = −1.75. Kigari B: 0.25 − (−1.0) = +1.25. Majibu yametoka kwa mistari miwili. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora ya kuthibitisha jibu kwenye chumba cha mtihani, kwa sababu haipiti katika milinganyo ya hatua ya 4 hadi ya 6, na kosa la aljebra litaonekana papo hapo. Kosa la alama la hatua ya 3 halitaonekana hata huku.

Fomula ndefu za kitabuni hutokana na mambo hayahaya:

v₁ = [(m₁ − m₂)u₁ + 2m₂u₂] ÷ (m₁ + m₂)

v₂ = [(m₂ − m₁)u₂ + 2m₁u₁] ÷ (m₁ + m₂)

Zitumie pale kitu cha pili kilipotulia, kwa kuwa nusu ya kila fomula hufutika. Pasipo hivyo, kuzikariri ni mzigo usio na faida. Kutokana nazo utaona kwamba masi zikiwa sawa, vitu hubadilishana velositi: kilichokuja husimama, kilichosimama huondoka. Kitu chepesi kikigonga kizito sana kilichotulia, hurudi kwa kasi inayokaribia ile ya mwanzo. Na kitu kizito kikigonga chepesi kilichotulia, hicho chepesi huondoka kwa kasi inayokaribia maradufu ya kasi ya mgongaji, lakini hakiwezi kuifikia 2u₁ wala kuipita. Kumbuka kikomo hicho unapokagua majibu.

Swali la kweli: masi ya nyutroni

Mapema mwaka 1932 ilijulikana kwamba metali ya berili ikipigwa na chembe za alfa (viini vya heli) hutoa mnururisho usio na chaji, na kwamba mnururisho huo ukipita kwenye nta ya parafini hung’oa protoni kwa kasi kubwa. Chadwick, akifanya kazi katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, aliuchukulia mnururisho huo kuwa ni chembe zenye masi, akaulizia masi hiyo. Alikuwa na vipimo viwili: kasi ya juu kabisa ya protoni zilizorushwa, 3.3 × 10⁷ m/s, na kasi ya juu kabisa ya viini vya naitrojeni vilivyorushwa na chembe zilezile, 4.7 × 10⁶ m/s. Kasi ya chembe yenyewe hakuwa nayo.

Fuata hatua. Mgongano ni nyumbufu, na kasi ya juu kabisa hupatikana pale chembe inapogonga kiini moja kwa moja katikati, hivyo tunabaki kwenye mstari mmoja. Kiini kilichogongwa kilikuwa kimetulia kwa kulinganisha na kasi hizi, kwa hiyo u₂ = 0. Tuiite masi ya chembe M na kasi yake u, na tupime masi zote kwa kipimo ambacho protoni ni 1 na naitrojeni ni 14. Fomula ya v₂ inatupa:

kwa protoni: v = 2Mu ÷ (M + 1)

kwa naitrojeni: v = 2Mu ÷ (M + 14)

Usijaribu kutafuta u. Igawe ya kwanza kwa ya pili, nayo u inafutika pamoja na 2M:

(M + 14) ÷ (M + 1) = 3.3 × 10⁷ ÷ 4.7 × 10⁶ = 7.02

M + 14 = 7.02M + 7.02

M = 6.98 ÷ 6.02 = 1.16

Chadwick aliandika 1.15. Alitahadharisha kwamba velositi ya naitrojeni huenda ikawa na kosa la asilimia 10, na tahadhari hiyo ina uzito wake: ukiipunguza 4.7 kwa asilimia 10 utapata M ya takriban 0.9, na ukiiongeza kwa kiasi hichohicho utapata takriban 1.4. Alichoweza kuhitimisha ni kwamba chembe hiyo ina masi inayokaribia sana ya protoni, na hilo lilimtosha kusema kwamba ameikuta nyutroni. Kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1935. Anayependa kuuliza kama nadharia ya uhusianifu ya Einstein inaharibu hesabu, ajibiwe kwamba kasi ya protoni hizi ni kama asilimia 11 ya kasi ya mwanga, na masahihisho yanayohitajika ni madogo kuliko makosa ya vipimo.

Kutokana na fomula ileile, sehemu ya nishati mwendo inayohamia kwenye kitu kilichotulia katika mgongano wa katikati ni 4m₁m₂ ÷ (m₁ + m₂)². Kwa nyutroni na hidrojeni ni karibu yote. Kwa nyutroni na kaboni, 48 ÷ 169, yaani asilimia 28. Kwa nyutroni na metali ya risasi yenye masi 207, ni asilimia 2 hivi. Hii ndiyo sababu kinu cha nyuklia hupunguza kasi ya nyutroni kwa maji au grafiti (ambayo ni kaboni), wala si kwa bamba la risasi.

Mgongano usio kwenye mstari mmoja

Swali likihusu vitu viwili vinavyogongana upandeupande, andika mlinganyo wa momenta mara mbili, mmoja kwa kila mhimili, na mlinganyo wa nishati mwendo mara moja. Usitumie v₂ − v₁ = u₁ − u₂ kwa kasi nzima, kwa kuwa mlinganyo huo ni wa mstari mmoja tu. Lakini masi zikiwa sawa na kimoja kimetulia, kazi hupungua sana: nishati inatoa u² = v₁² + v₂², momenta inazifanya velositi hizo tatu kuwa pembetatu, na pembetatu ya namna hiyo ina pembe mraba. Vitu huachana kwa nyuzi 90. Kama u ni 2.0 m/s na kitu cha kwanza kimepinda nyuzi 30, basi v₁ = 2.0 × cos 30° = 1.73 m/s, na cha pili kinakwenda upande mwingine kwa nyuzi 60 na kasi ya 1.0 m/s. Ukijaribu kwa gololi sakafuni utaona pembe ndogo kuliko 90, kwa sababu gololi zinaviringika na mviringiko huendelea kuzisukuma mbele baada ya kugongana.

Mambo yakikataa

*Nishati ya baada ni ndogo mno, au ni hasi.* Angalia kikokotoo. Ukibonyeza −1.75² bila mabano, vikokotoo vingi hutoa −3.0625, kwa kuwa hupandisha kipeo kwanza na kuweka hasi baadaye. Andika (−1.75)². Nishati mwendo hasi haipo duniani, kwa hiyo ukiiona usiitafutie maelezo.

*Nimepata majibu mawili.* Umetumia mlinganyo wa nishati wenye vipeo vya pili. Kwa mfano wetu njia hiyo huishia kwenye 4v₁² − v₁ − 14 = 0, ambao majibu yake ni +2.0 na −1.75. Lile la kwanza ni velositi ya kabla ya mgongano, kwa kuwa hali ya “hakuna kilichotokea” nayo huhifadhi momenta na nishati. Litupe. Katika hatua ya 5 jibu hilo lilijiondoa lenyewe pale tulipogawa kwa (u₁ − v₁), kitendo kinachoruhusiwa tu kama velositi imebadilika.

*Velositi ni sawa lakini jouli zimezidi mara elfu.* Masi umeziacha kwenye gramu. Gramu hazidhuru velositi, maana uwiano wa masi ndio unaotumika, lakini nishati na momenta huharibika. Velositi zilizotolewa kwa kilomita kwa saa zigawe kwa 3.6 kwanza.

*Momenta inakubali, nishati inakataa kidogo.* Tofauti ikiwa kwenye tarakimu ya mwisho, umekadiria mapema. Beba tarakimu moja au mbili zaidi hadi mwisho. Ikiwa kubwa, rudi hatua ya 1, huenda mgongano huo si nyumbufu.

*Data za maabara hazifuati v₂ − v₁ = u₁ − u₂.* Hazitarajiwi kuufuata kikamilifu. Gawa kasi ya kuachana kwa kasi ya kukaribiana. Ukipata 1, mgongano ni nyumbufu. Chini ya hapo, kuna nishati iliyopotea. Ukipata zaidi ya 1, tafuta kosa la kipimo, reli iliyoinama, au springi iliyokuwa imekazwa kabla. Kwa mpira unaodondoshwa sakafuni, uwiano huo ni kipeuo cha pili (√) cha kimo ulichodunda kugawa kwa kimo ulichodondoshwa: kutoka sentimita 100 hadi 64, uwiano ni 0.8, na nishati iliyobaki ni asilimia 64.

*Mpira umegonga ukuta na kurudi kwa kasi ileile, na momenta yake haikuhifadhiwa.* Momenta ya mpira peke yake haihifadhiwi, kwa sababu ukuta umeusukuma. Mpira wa kg 0.060 unaogonga ukuta kwa +20 m/s na kurudi kwa −20 m/s una badiliko la momenta la 0.060 × (−20 − 20) = −2.4 kg m/s, wala si sifuri. Ukuta pamoja na dunia umepokea +2.4 kg m/s, ila kwa masi ya dunia velositi inayotokana na kiasi hicho haipimiki. Chukua m₂ kubwa mno kwenye fomula ndefu, u₂ ikiwa sifuri, nawe utaona v₁ ikikaribia −u₁.